Divai ya Vipande

Februari 2012 meli yetu ilikuwa imefunga gati Constanța, Romania, ikisubiri kupakia ngano. Baridi ya mwaka ule hata wenyeji waliilalamikia. Kamba za meli zilikakamaa kama magogo, na kando ya ufuko Bahari Nyeusi ilikuwa imeganda, watu wanatembea juu yake wakipigana picha. Mimi mzaliwa wa Tanga nilisimama sitahani nikicheka peke yangu. Nilimkumbuka padre wetu wa Kilatini.

Kati ya washairi wa Roma ya kale, padre alimpenda Vergilius. Ovidius alimruka, maana ndiye aliyetunga Ars Amatoria, mashairi ya kufundisha watu kutongoza, na waseminari si wa kupewa silaha ile. Siku moja tu alituletea mistari ya Tristia, maombolezo ambayo Ovidius aliyatunga baada ya Kaisari Augustus kumfukuzia Tomis mwaka wa 8 baada ya Kristo. Huko, anasema, divai huganda ikabaki na umbo la mtungi. Watu hawainywi, hugawiana vipande.

Nikanyoosha mkono. “Padre, huyu mtu mwongo.”

Darasa zima likaangua kicheko. Padre hakucheka. “Umeshafika?” akauliza.

Tomis ndiyo Constanța. Jioni tulitoka bandarini mimi na serahangi wetu, Mfilipino, kutafuta kadi ya simu, tukamkuta uwanjani mbele ya jumba la makumbusho: mtu wa shaba, kainama, mkono kidevuni, kama anayesubiri barua. Sanamu hiyo ni kazi ya Mwitalia Ettore Ferrari, ya mwaka 1887. Ovidius aliwabembeleza wakubwa wa Roma miaka yote iliyobaki. Augustus akafa, akaja Tiberius, naye kimya. Mshairi akafia hukohuko, mwaka wa 17 au 18, na kaburi lake halijulikani lilipo. Mji aliousema vibaya kiasi kile leo una chuo kikuu chenye jina lake, na wanaume wa Kiromania huitwa Ovidiu bila mtu kushangaa.

Mwenyewe aliandika kwamba kilichomponza ni vitu viwili, shairi na kosa. Kosa hakulitaja. Shairi ni lile lile aliloliruka padre. Mimi nilifukuzwa seminari kidato cha tatu kwa beti nne nilizomtungia msichana wa shule ya jirani, zikakutwa chini ya godoro. Kwangu vyote viwili vilikuwa kitu kimoja.

Chini ya sanamu kuna mistari minne aliyojitungia iandikwe kaburini, akijiita Naso, jina lake la ukoo. Kilatini kilikuwa kimeshanitoka, ila nilipapasa neno kwa neno mpaka maana ikaja: mimi nilalaye hapa, niliyecheza na mapenzi mororo, ni Naso mshairi, niliyeangamizwa na kipaji changu, nawe upitaye, kama uliwahi kupenda, usione uzito kusema, mifupa ya Naso na ilale pema.

Nikavua kofia, masikio yakawaka kwa baridi. Nikasema kwa sauti, “Nasonis molliter ossa cubent.”

Serahangi akapiga ishara ya msalaba, akaniuliza huyu ni mtakatifu gani. Nikamwambia huyu hakuwa mtakatifu hata kidogo. Tukaendelea kutafuta kadi kabla maduka hayajafungwa.