Kutu ya Peugeot 504 ya marehemu baba

Mwaka 1981 marehemu baba alinunua Peugeot 504 nyeupe, na kwa zaidi ya miaka ishirini alivuka nayo kati ya Kigamboni na Magogoni kwa pantoni karibu kila siku ya kazi. Anayeijua njia ile anajua pia jinsi magari yanavyopita kwenye mlango wa chuma wa pantoni huku matairi yakikanyaga maji ya chumvi, na jinsi upepo wa bahari unavyolipiga gari muda wote wa kusubiri foleni. Baba alipofariki, gari lilibaki chini ya mwembe nyumbani mpaka mwaka juzi, nilipoamua kulirudisha barabarani. Injini ilituchukua wiki mbili. Bodi ilituchukua miezi minne, nayo ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, kwa sababu nimeshaona magari mengi mazuri ya zamani yakiharibiwa moja kwa moja kwa kupakwa rangi mpya juu ya kutu ambayo bado inakula.

Baba aliipenda 504 tangu iliposhinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1975, na tena mwaka 1978. Alikuwa akisema kwamba gari lililopita kwenye tope lile haliwezi kushindwa na barabara ya Kigamboni, na kweli barabara haikulishinda. Kwa mbali hata rangi yake ilionekana inafaa, kwani lilikuwa limepigwa rangi upya katika gereji moja ya jijini miaka michache kabla baba hajastaafu. Kwa karibu, hata hivyo, kulikuwa na malengelenge madogo kwenye kingo za madigadi, chini ya milango na kuzunguka mpira wa kioo cha mbele.

Nilimpelekea fundi mmoja mzee wa Temeke ambaye amefanya kazi ya bodi tangu ujana wake. Nilipomuuliza bei ya rangi alinijibu, "Mwanangu, bei ya rangi nitakutajia nikishaliona bati. Kwanza tung'oe mazulia." Kisha akatoa sumaku aliyoibandua kwenye spika mbovu, akaifunga kwa kitambaa ili isikwaruze, akaanza kuitembeza taratibu juu ya bodi. Kwenye milango ilinata vizuri. Ilipofika kwenye kizingiti cha kushoto, yaani lile boksi la bati lililo chini ya milango, ilidondoka chini. Akagonga hapo kwa mpini wa bisibisi, na badala ya mlio wa bati tukasikia kishindo kizito, kama cha kugonga ubao uliolowa. Alipoigeuza bisibisi na kuisukuma kwa kiganja tu, ilizama hadi kwenye mpini, na alipoichomoa ukamwagika unga mwekundu uliochanganyika na mchanga, unaojaa viganja viwili.

Tulipolipandisha gari juu ya stendi na kukwangua uvungu ndipo tulipoona sababu. Kiwandani, sehemu ya chini ya vizingiti na ya milango huachiwa matundu madogo ya kutolea maji, kwa kuwa maji ya mvua huingia kwenye mlango kupitia mpira wa kioo, na hayo ni maji ya kawaida kabisa mradi yapate pa kutokea. Waliopiga rangi ile ya pili walikuwa wameziba matundu yote kwa puti, ule udongo laini wa kujazia mabonde ya bodi, kisha wakapaka lami juu yake ili uvungu uonekane safi. Kwa hiyo maji yaliingia yasitoke, pamoja na chumvi ya miaka yote ile ya pantoni, na bati likaliwa kutoka ndani kuja nje. Nikikumbuka kwamba baba aliilipia kazi ile kwa akiba aliyoidunduliza kwa muda mrefu, moyo unaniuma hadi leo.

Kutu huhitaji chuma, hewa na maji, na chumvi huiharakisha kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi. Kutu yenyewe huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa, na ndiyo maana huinua rangi na kufanya malengelenge. Lengelenge linapoonekana juu, chini yake kazi huwa imekwishafanyika siku nyingi. Dawa za kugeuza kutu zenye asidi ya fosfori zinafaa pale ambapo bati limeshikwa juu juu tu. Bati lililotoboka halina dawa zaidi ya kukatwa mpaka ufike kwenye chuma kizima kinachong'aa.

Ukataji nao una hatari yake, kwani 504 haina chesisi iliyojitenga kama lori, na vizingiti vile ni sehemu ya mifupa inayolibeba gari zima. Ukivikata ovyo gari linaweza kupinda katikati, na milango isifunge tena. Mzee aliliweka gari sawasawa juu ya stendi nne, akaacha milango mahali pake ili aangalie nafasi kati ya mlango na mlango kila alipokata, na hakugusa upande wa kulia kabla upande wa kushoto haujachomelewa ukakamilika. Tangi la petroli tulilitoa kabisa tukalipeleka mbali, betri tukaitenganisha, na mimi kazi yangu ikawa kushika kizimamoto na ndoo ya maji. Bati jipya lilikuwa la milimita moja. Alilichomelea kwa mashine ya gesi na waya, nukta moja hapa, nyingine kule mwisho, halafu katikati, akisubiri kila nukta ipoe, kwa sababu joto likikusanyika sehemu moja bati jembamba hukunjamana. Pale ambapo bati moja lilikaa juu ya jingine alipaka kwanza praima, yaani rangi ya chini ya kukinga chuma, yenye zinki, kwani kiungo cha aina hiyo ndipo kutu inapopenda kuanzia.

Jioni moja tulichelewa, tukaacha digadi la mbele likiwa limekwanguliwa hadi chuma, tukaenda kulala. Asubuhi lilikuwa limeshashika ukungu wa rangi ya chungwa kutoka mwisho hadi mwisho, kwa usiku mmoja tu wa hewa ya Dar es Salaam, na ilibidi tusugue upya. Tangu siku ile hatukukwangua zaidi ya kile tunachoweza kukifunika kwa praima ya epoksi kabla ya magharibi.

Puti ilikuja baada ya praima hiyo, nayo ilikuwa nyembamba. Hapa nina ugomvi wa kweli na desturi ya gereji nyingi, ya kusugua puti kwa msasa na maji. Puti hunyonya maji kama sifongo, na maji hayo hufungiwa chini ya rangi, yakisubiri. Sisi tulisugua pakavu, kwa msasa namba 80 kisha 180, uliofungwa kwenye kipande kirefu cha ubao. Mzee alipuliza vumbi jepesi la rangi nyeusi juu ya puti kabla ya kusugua. Palipoinuka weusi ulitoka mara moja, palipobonyea ukabaki kama kivuli, na hapo ndipo alipoongeza puti. Mkono wake ulikuwa ukiona mabonde hayo kabla ya macho yangu.

Rangi tuliipiga mwezi wa saba, wakati wa kipupwe, hewa ikiwa imekauka kidogo. Tulimwagia sakafu maji ili kutuliza vumbi, na tangi la kompresa, ile mashine ya kusukuma hewa, tukawa tunalitoa maji kila baada ya muda, maana katika hewa ya pwani hujaa maji haraka, na tone moja likipita kwenye bunduki ya kupulizia rangi huacha kidonda. Ninawasihi mafundi vijana jambo moja: rangi inayochanganywa na kigumishi, ile mnayoita hadina, ina aisosayanati, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu ya kudumu, na kitambaa au barakoa ya vumbi haiizuii hata kidogo. Mzee alivaa barakoa ya kuletewa hewa safi kwa mpira.

Mwisho kabisa tulitoboa upya matundu yote ya maji, manane kila upande, tukapuliza ndani ya vizingiti grisi iliyolainishwa kwa oili safi. Pantoni nimeliepusha nalo; napitia Daraja la Nyerere. Masika ya mwaka huu, baada ya mvua kubwa ya usiku, nilitandika gunia nikalala chali chini ya gari kuangalia. Matundu kumi na tano yalikuwa yakidondosha maji. La kumi na sita lilikuwa limezibwa na jani la mwembe, nikalitoa kwa kijiti.