Zinia na Mtaalamu wa Jicho

Kila mwaka mvua za Novemba zinapoulainisha udongo mwekundu wa huku kwetu Katuba, mimi husia mbegu za zinia kando ya ukuta wa parseli, yaani kiwanja changu, palepale zitakapokua, kwa sababu mche wa zinia haupendi kuhamishwa. Huchanua nyekundu, waridi, nyeupe na za rangi ya chungwa, na kwa miaka mingi nilidhani zimepewa jina la mwanamke fulani.

Mwezi uliopita binti wa dada yangu, anayesomea udaktari hapa Lubumbashi, alifika na daftari lake la anatomia, akaniuliza huku akicheka: "Mama mdogo, mbona maua yako yamo ndani ya jicho?" Siku hiyo walikuwa wamefundishwa zonula ya Zinn, yaani duara la nyuzi nyembamba mno zinazoishikilia lenzi ya jicho.

Johann Gottfried Zinn alikuwa Mjerumani, profesa wa Göttingen na msimamizi wa bustani ya mimea ya huko, na mwaka 1755 alichapisha kitabu juu ya umbo la jicho la binadamu. Mwaka 1757 aliueleza mmea ambao asili ya jamii yake ni Meksiko na nchi za jirani, akauhesabu kuwa aina ya Rudbeckia, kundi jingine la maua, kwa jina refu la Kilatini linalotaja hata majani yake yanayoelekeana na yenye vinyweleo. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliona kwamba mmea huo unastahili jenasi yake wenyewe, yaani kundi lake la mimea ya karibu, na mwaka 1759 akaiita Zinnia. Mwaka huohuo Zinn alifariki, akiwa na miaka 31 tu. Hivyo ua limebeba jina la mtu aliyeliweka katika ukoo usio wake, jambo ambalo mimi naliona ni wema wa Linnaeus kuliko kejeli.

Tangu siku hiyo huliinamia ua kwa makini zaidi. Tunachokiita ua moja, kama ilivyo kwa alizeti ambayo ni ndugu yake, ni kusanyiko la maua madogo mengi: kila petali ya pembeni ni ua, na kila kinyota cha manjano cha katikati ni ua pia. Mwanafunzi wangu wa udaktari alitaka kuhakikisha, akalichambua moja kwa kibano chake, bila kuuliza, na ndilo nililokuwa nimeliwekea uzi ili likauke kwa ajili ya mbegu.