Nilivyookoa hesabu ya msamaha wa mkopo niliporudi masomoni

Nilipoanza shahada ya uzamili huku nikiendelea na ajira ya muda wote katika idara ya afya ya kaunti, hapa Marekani, chuo kilitoa taarifa kwamba ninasoma angalau nusu ya mzigo kamili wa masomo, na marejesho ya mikopo yangu ya zamani ya masomo yakasitishwa bila mimi kuomba. Nafuu hiyo ilikuwa hasara kubwa, kwa sababu mpango wa kuwasamehe watumishi wa umma mikopo yao, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2007, hudai malipo 120 yanayostahili, nao mwezi uliositishwa kwa ajili ya masomo hauhesabiwi.

Nilimwandikia wakala anayekusanya marejesho kwamba ninaukataa usitishaji huo, nikaorodhesha kila mkopo wa zamani na kuomba urudishwe kwenye malipo yanayopangwa kulingana na kipato. Aliyepokea simu alisema haiwezekani. Nilishikilia msimamo, kwa kuwa kanuni humruhusu mkopaji kukataa, nikataka jibu la maandishi. Ombi lilipokubaliwa, mwajiri alitia saini fomu ya kuthibitisha ajira, na hesabu ikaanza kupanda tena.

Kwa kuwa chuo hutuma taarifa upya, ninakagua akaunti kila muhula unapoanza. Mkopo mpya wa masomo haya nimeuacha peke yake, maana hesabu yake itaanzia sifuri utakapoanza kulipwa.