Mama na kiu yake

Watu wakisikia mama figo zimeshindwa kazi na anasafishwa damu kwa mashine wanasema "ah basi atapona", siwalaumu, ila naandika hapa maana nimechoka kuelezea kwenye simu. Mashine haiponyi figo. Figo nzima inachapa kazi usiku na mchana, mama anakaa kwenye mashine masaa manne mara tatu kwa wiki, sasa masaa yote yaliyobaki uchafu na maji vinaenda wapi? Vinajazana mwilini humohumo.

Ndo maana kwetu shughuli nzito iko nyumbani. Maji kapimiwa, nusu lita kwa siku pamoja na kiasi cha mkojo anaotoa, na mkojo wenyewe umebaki kidogo sana, na hapo chai, uji, mchuzi, mpaka barafu vyote vinahesabiwa. Na hili joto la Dar jamani! Anasukutua anatema, basi. Akizidisha mzani unasema, lita moja kilo moja, miguu inavimba na akilala chali pumzi inabana.

Halafu wageni wanakuja na upendo wao wa kweli, madafu, ndizi, parachichi, eti aongeze damu. Vyote hivyo vina potasiamu nyingi, ni aina ya madini, figo ikishindwa kuitoa inapanda kwenye damu na moyo unaweza kusimama ghafla. Kumnyang'anya mzazi wako dafu mbele za watu inauma jamani. Na damu inampungua kwa sababu figo ndo zinazouambia mwili utengeneze damu, hapo anachomwa sindano maalum, dafu halina msaada.

Ilianzia kwenye presha ya miaka mingi, na hakuna siku alisikia maumivu yoyote. Wewe mwenye presha au sukari nakuomba sana, kapime kreatinini kwenye damu, ule uchafu ambao figo zinatakiwa kuutoa, na protini kwenye mkojo, usisubiri kuvimba.

Sasa hivi nyumbani tunaongelea kupandikiza figo. Hospitali ya Muhimbili walianza 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma wakafuata 2018, kwa hiyo siyo lazima kwenda India tena. Shangazi anaogopa mtoaji atakufa, lakini mtu mzima wa afya anaishi vizuri na figo moja, ndo maana anapimwa kwanza, kundi la damu, presha, sukari, figo zake mwenyewe. Kaka yuko tayari, mimi pia. Mama ndo hataki, anasema hawezi kuchukua kiungo cha mwanawe. Mama mkubwa anakuja Jumamosi kuongea naye, yule huwa anamsikiliza.