Neema inapofika kwenye mizani

Mimi ni karani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika, huku Kagera. Msimu wa kahawa ukifunguliwa nashinda mlangoni mwa ghala: gunia linapandishwa, nasoma kilo, naandika stakabadhi, gunia linashushwa. Jumapili nafundisha kipaimara katika usharika wetu wa Kilutheri. Kazi hizi mbili hukutana kila tunapofika kwenye somo la neema.

Waefeso 2:8-9 vijana wangu wote wanaijua kwa moyo. "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani..." Wanakwenda nayo mbio hadi "mtu awaye yote asije akajisifu", kisha wanakaa. Nawasimamisha tena wasome mstari wa 10: "Maana tu kazi yake, tuliumbwa katika Kristo Yesu, tutende matendo mema, ambayo tokea awali Mungu aliyatengeneza ili tuenende nayo." Sisi Walutheri tumeishika ile mistari miwili kwa mikono yote, na ni haki yetu, maana Luther aliipigania. Lakini huu wa tatu tumeuzembea. Kijana anabarikiwa kipaimara akijua vizuri kwamba hakuokolewa kwa matendo, na hakuna aliyemwambia kwamba ameokolewa apate kutenda.

Upo na upande mwingine, unaoniuma zaidi. Spika zinawekwa uwanjani, mama mwenye mibuni michache anaambiwa apande mbegu ya fedha ndipo Mungu amfungulie, au anunue maji ya upako apeleke shambani. Fedha aliyoitoa ilikuwa ya sare ya mtoto. Neema ikishawekewa bei imekuwa biashara, na anayepunjika ni yule yule ambaye Kristo alimjia bure.

Kwa vijana wangu huwa nakwenda Tito 2. Paulo alimwacha Tito huko Krete, kisiwa ambacho mmoja wa wenyeji wake alisema watu wake ni waongo siku zote. Paulo anaagiza habari za wazee, za wanawake, za vijana, kisha anafika kwa watumwa, watu walioshika funguo na mali ya mabwana zao. Anayowaambia ni mambo ya ghalani kabisa: wasiwe waibaji, wawe waaminifu, ili wayapambe mafundisho ya Mwokozi wetu Mungu. Na hapo hapo anaendelea: "Maana neema ya Mungu iwaokoayo wanadamu wote imefunuliwa, nayo yatufundisha kukataa ubaya na tamaa za kidunia, tupate kuishi kwa kiasi, na haki, na utauwa, katika ulimwengu huu wa sasa." Maneno haya husomwa Krismasi, kanisa limepambwa, na ni vizuri. Lakini mtume aliyaandika mara tu baada ya kuwaambia watu wasiibe. Neema anayoihubiri ni ile inayosamehe, kisha inakaa na mtu na kumfundisha.

Nawaambia vijana wafikirie mizani. Mnunuzi asiye mwaminifu anasoma kilo mshale ukiwa bado unacheza, au anamkata mkulima kilo mbili za gunia tupu wakati gunia halifiki uzito huo. Mkulima naye yumo. Wapo wanaoleta kahawa ya maganda ambayo haijakauka ili iongeze uzito, na wapo wanaotia mawe chini ya gunia. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, na wote wawili wanaujua mstari huo. Kuujua hakujawazuia. Kinachowasukuma ni hofu ya kukosa, na hofu haiondolewi kwa amri. Inaondoka mtu anapoamini kwa kweli kwamba Mungu hakumnyima Mwanawe, hivyo hatamwacha kwa ajili ya kilo mbili za kahawa.

Niliiona kazi hiyo ya neema nyumbani kwetu. Asiyetoka huku aelezwe kwanza butura ni nini: ni kuuza kahawa ingali mtini. Shule zinafunguliwa Januari, au kuna mgonjwa, au kuna msiba, na kahawa haijaiva. Anakuja mwenye fedha, anazunguka na mwenye kibanja, yaani shamba la nyumbani, anapima mibuni kwa macho, anatoa fedha ya kutupa. Msimu ukifika mavuno ni yake. Serikali imepiga marufuku, lakini mambo yanamalizwa jioni, bila karatasi. Baba yangu alipofariki, mama aliuza butura kahawa ya kibanja chote kwa jirani mmoja. Jirani alivuna kama walivyopatana, hakuzidisha hata debe. Sisi tulikaa tukiangalia magunia yakipita uani kwetu.

Miaka ilipita, jirani yule akaokoka kwenye mkutano wa walokole. Jioni moja akaja nyumbani. Mama alikuwa anamenya ndizi, mikono imejaa utomvu, na yule mzee hakutaka kiti. Alitoa daftari la shule lililokunjwa katikati: upande mmoja kilo alizovuna kwetu, upande wa pili bei ya chama ya msimu ule, chini yake alichotulipa, na chini kabisa tofauti. Fedha ilikuwa ndani ya daftari. Haikutosha. Alisema ni nusu, nyingine ataileta akiuza msimu ujao, na aliileta.

Mama akamwambia, "Lakini mzee, tulipatana. Hukuniibia."

Akajibu, "Ulipatana na shida yako, mama. Mimi niliijua hiyo shida ndiyo maana nikaja. Bwana Yesu amenisamehe. Hizi ni zenu."

Kijijini walisema anajinunulia mbingu. Walikosea, na nimeliwaza sana neno lake. Alisema "amenisamehe", jambo lililokwisha. Daftari lilifuata baadaye. Ndivyo ilivyokuwa kwa Zakayo kule Yeriko. Yesu alimwita ashuke mkuyuni, akasema imempasa kushinda nyumbani mwake, na watu wakanung'unika kwamba ameingia kwa mtu mwenye dhambi, na mkubwa huyo wa watoza ushuru alikuwa bado hajarudisha hata senti. Zakayo alipokea mgeni kwanza, kwa furaha, ndipo akasimama na kutaja nusu ya mali kwa maskini na kurudisha mara nne. Ukiipindua hadithi hiyo, Zakayo akarudisha kwanza ndipo Yesu aingie, hakuna Injili tena. Na ukiiishia mezani, Zakayo akala na Bwana na kesho yake akarudi kwenye ushuru wa dhuluma, hakuna wokovu uliofika nyumba ile.

Mzee yule hakuvumbua jambo jipya. Septemba 1929 daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda, Joe Church, alikutana Kampala na Simeoni Nsibambi, Mganda, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alifundisha wainjilisti huko Gahini hadi alipofariki Januari 1936, kijana bado. Kutoka hapo Uamsho, yaani mwamko wa kiroho ambao watu wake ndio walokole, ulienea Uganda, na mwishoni mwa miaka ya 1930 ulikuwa umefika kwetu Bukoba. Watu waliungama dhambi waziwazi, na walirudisha vitu vilivyoibwa. Askofu wetu Josiah Kibira, aliyeongoza dayosisi hadi 1984 na kuchaguliwa mwaka 1977, Dar es Salaam, kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, alikuwa mtu wa Uamsho huo. Wapo walokole waliogeuza ushuhuda kuwa sheria, wakapima wokovu wa mwenzao kwa nywele na mavazi yake, na walijeruhi wengi. Hilo nalisema kwa vijana bila kuficha. Lakini sitaacha daftari la mzee yule lipotee kwa ajili yao.

Kikundi chetu cha ushirika wa nyumba kwa nyumba kina mfuko sasa. Kila mmoja anatia kidogo baada ya kuuza kahawa, na Januari tunamkopesha mwenye shida ili asiuze butura. Hatudai riba. Anarudisha akishalipwa na chama. Hatuulizi kama ni Mlutheri. Jirani Mwislamu amekopa na amerudisha. Mmoja wetu hakurudisha, na tukasikia kahawa yake ilivushwa kwa magendo kwenda Uganda. Wengine walitaka atolewe. Tulibishana hadi taa ikaanza kufifia, kisha tukaenda kwake watu watatu. Tulimkuta anamuuguza mkewe. Tulimwambia deni lisubiri hadi msimu ujao, na tukamwambia pia, mbele ya mkewe, kwamba magendo aache na stakabadhi yake tunataka kuiona. Alikubali la kwanza kwa machozi. La pili alinyamaza. Msimu unafunguliwa Mei, nami nitakuwa mlangoni mwa ghala.