Siku Moja na Moshi wa Metali

Saa 12 asubuhi nilikuwa nimeshafika karakana yetu hapa Jinja, Uganda, kwa kuwa kengele ya kioo, yaani chombo ambamo tunatengeneza moshi wa metali, husafishwa vizuri zaidi kukiwa kumetulia. Niliunganisha pampu ya kunyonya hewa niliyoiazima kwa fundi wa friji, kisha mtungi wa argoni, gesi ileile wanayoitumia wachomeleaji wa alumini.

Saa 3 waliingia wanafunzi wangu, waliotoka Arua, Busia na hata Bukavu, ndiyo maana tunafundishana kwa Kiswahili. Mmoja aliuliza, "Mwalimu, mbona shaba na zinki zimewekwa kwenye nyuzi mbili za tangsteni, metali inayostahimili joto kali, badala ya uzi mmoja?" Nilimweleza kwamba shaba huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,085 za Selsiasi, ilhali zinki huchemka kwenye 907 hata katika hewa ya kawaida; kwa hiyo zikichomwa pamoja, zinki yote itakuwa imekwisha kutoroka kabla shaba haijalainika.

Saa 4 tuliwasha umeme. Mvuke wa metali, ukigongana na atomi baridi za argoni, hupoa ghafla na kugandamana kuwa chembe zenye upana wa nanomita chache (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), nao moshi mweusi ukapanda polepole kama wa kibatari. Tulikuwa tumetega vioo viwili, kimoja karibu na nyuzi na kingine juu zaidi.

Saa 5 umeme ukakatika, na saa tatu za kungoja zikawa somo bora kuliko nilivyopanga. Chembe mbili zinapogusana, atomi za kwenye nyuso zake hukimbilia shingo inayoziunganisha, shingo hiyo hunenepa, na mwishowe mbili huwa moja, kwa sababu chembe huelekea kupunguza eneo la uso wake, na uso wa tufe moja ni mdogo kwa takriban asilimia 21 kuliko jumla ya nyuso za matufe mawili yanayolingana yaliyolizaa. Mwaka 1978 Chihiro Kaito wa Japani alichapisha utafiti wake kuhusu ukuaji huu wa chembe za moshi kwa kuungana. Zikiwa za metali tofauti, atomi huchanganyika upesi mno, maana muda wa kupenya hufuata mraba wa umbali: umbali ukipungua mara 100, muda hupungua mara 10,000. Hata hivyo mgusano peke yake hautoshi. Chembe zinazokutana karibu na uzi, kungali na joto, huyeyukiana na kuwa punje ya aloi, yaani metali iliyochanganyika. Zinazokutana juu, zikiwa zimeshapoa, hushikamana tu kama shanga, shaba ikibaki shaba na zinki ikibaki zinki. Hili ndilo ninalotaka kila mwanafunzi wangu aondoke nalo, kwa kuwa wengi hudhani kuchanganya moshi ni kuchanganya metali.

Saa 8 umeme ulirudi, tukamaliza kuchoma.

Saa 10 nilifungulia hewa kidogo kidogo, kwani masizi mapya ya metali yana uso mkubwa mno na yanaweza kushika moto yakikutana na oksijeni kwa wingi. Hadubini yetu ya mwanga haioni vitu vilivyo chini ya nanomita 200 hivi, kwa hiyo punje zenyewe hatukuziona. Tulivifunga vioo vyote viwili katika karatasi safi, tukaandika umbali wake kutoka kwenye nyuzi, "sentimita 1" kwenye kimoja na "sentimita 8" kwenye kingine, tukavihifadhi hadi tutakapopata nafasi ya kutumia hadubini ya elektroni, inayoona vitu vidogo zaidi.