Nilivyodhamini gari la rali kutoka karakana ya sofa, Nakuru

Watu wananiuliza sana hii kitu nilianzaje, fundi wa sofa na mbio za magari wapi na wapi, kwa hivyo wacha niiandike yote hapa mara moja, atakayetaka kujaribu ajue pa kuanzia.

Niko Nakuru, natengeneza sofa, vitanda na makabati, tuko mafundi sita na kijana mmoja wa kupiga msasa. Juni 2021 Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia baada ya miaka 19, Jumamosi nilifunga karakana tukaenda wote upande wa Elementaita kuangalia. Kesho yake dereva Ogier akashinda na mwenzake Katsuta akawa wa pili, hayo mnayajua, lakini mimi siku ile macho yangu yalikuwa kwenye milango ya magari. Majina. Kila mahali majina. Nikakumbuka tukiwa wadogo gari la rali kwetu lilikuwa Subaru ya buluu yenye 555 ya manjano, ile ya madereva akina Patrick Njiru, na mpaka leo kuna vijana wanabandika hiyo 555 kwenye Subaru zao hata hawajui ilikuwa sigara. Zaidi ya miaka 25 na bado namba imekaa kwenye vichwa vya watu! Nilirudi nyumbani nikifikiria hiyo tu.

Nikaanza kutafuta kwenye simu kama kuna mtu wa fanicha amewahi kufanya hii kitu, na nikampata mmoja Marekani, anaitwa Barney Visser, wa Denver, Colorado. Huyu mzee alipigana Vietnam, akarudi akaanza na biashara ya mito, ikakua ikawa maduka ya sofa, vitanda na magodoro ya Furniture Row. Mwaka 2005 akaanzisha timu yake ya NASCAR, zile mbio kubwa za magari za Marekani, gari namba 78, tena akaiweka hukohuko Denver wakati timu karibu zote ziko North Carolina, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka kwake. Miaka ya kwanza ilikuwa ni kuvumilia tu. Ushindi wa kwanza ulikuja 2011 pale Darlington. Halafu 2016 dereva wao Martin Truex Jr. akaongoza mizunguko 392 kati ya 400 kwenye ile mbio ya maili 600 ya Charlotte, na 2017 akashinda mbio nane na kuchukua ubingwa. Duka la sofa jamani. Na siku ya ubingwa mwenyewe Visser hakuwepo uwanjani, alikuwa ametoka kupata mshtuko wa moyo akafanyiwa upasuaji, akaangalia kwa televisheni.

Lakini kilichonikaa ni mwaka uliofuata. Mdhamini mwenza akatangaza anaondoka, hesabu zikakataa, na mwisho wa msimu wa 2018 timu ikafungwa, mwaka mmoja tu baada ya ubingwa. Hapo nilishika kalamu nikaandika ukutani kwenye karakana, juu ya meza ya kukatia vitambaa, kiasi ambacho naweza kupoteza kwa mwaka bila mshahara wa fundi yeyote kuguswa. Ilikuwa Sh90,000. Si pesa kubwa kwenye rali, matairi tu yanaweza kuimeza, lakini ndiyo niliyokuwa nayo na nilikataa kabisa kuizidisha. Tulishapitia 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji miti kwenye misitu yake, mbao zikapanda bei mpaka tukawa tunangoja malori ya misonobari kutoka Tanzania, kwa hivyo najua karakana ikiyumba inakuwaje.

Kijana niliyemdhamini ni mteja, nilikuwa nimemtengenezea mama yake kochi la watu saba. Anaendesha gari linalosukumwa na magurudumu mawili tu kati ya manne kwenye rali za kitaifa, navigeta wake, yule anayekaa pembeni akimsomea njia, ni binamu yake, makanika ni marafiki. Alikuja akaniambia, "Mzee, hata ya mafuta tu." Nikamwambia aje Jumapili tukae na chai tuongee vizuri. Nilipomuuliza siku ya rali wanateseka na nini zaidi, nikitegemea aseme pesa, makanika wake akadakia, "Spana. Tunapoteza spana kwenye vumbi." Alivyolieleza ndivyo hivi: muda wa sevisi, yaani wa kutengeneza gari katikati ya rali, umehesabiwa, na gari likichelewa kufika kituo cha saa, pale wanapoandika muda, linaongezewa sekunde kumi kwa kila dakika. Sasa nyinyi watu wanne mnatafuta spana ya 17 chini ya turubai huku saa inakimbia.

Hapo ndipo nilijua nitatoa nini. Pesa taslimu nikatoa Sh30,000 za kuingia mashindano mawili, na zile 60,000 nyingine nikaziweka kwenye mbao na kazi.

Nilitengeneza sanduku la plaiwudi ya milimita 18, droo nne, kona zimevishwa chuma. Ndani ya kila droo nikalaza vipande vya sponji ngumu, yale masalio yanayobaki tukikata makochi ambayo siku zote tulikuwa tunauza kwa bei ya bure ya kujazia mito. Nikaomba makanika aniletee spana zake zote, nikaziweka moja moja juu ya sponji, nikachora kwa kalamu, nikakata kwa kisu cha umeme cha sponji, kila spana ikapata kitanda chake. Chini ya sponji nyeusi nikabandika kitambaa chekundu. Kwa hivyo ukifungua droo na unaona nyekundu, kuna spana iko nje, huhitaji kuhesabu. Makanika alipoiona mara ya kwanza alifungua na kufunga hiyo droo kama mara kumi hivi, hasemi kitu, anapapasa tu.

Kitu cha pili kilikataa. Nilitengeneza kibao chenye magurudumu madogo cha kulalia chini ya gari, kizuri kabisa, nikakipaka vanishi, tukafika kwenye lile vumbi laini kama unga la huku kwetu Bonde la Ufa, magurudumu yakazama yote. Makanika akaning'inia nusu hewani nusu chini. Nikakiondoa. Rali iliyofuata nikaleta mkeka wa sponji ya inchi mbili, nimeushonea reksini nyeusi juu na chini, unautupa mahali popote, mtu anateleza mgongo, oili ikimwagika unapangusa na kitambaa. Hiyo ndiyo wanatumia mpaka leo. Pia niliwapa meza mbili za kukunja na mabenchi manne.

Sasa kuhusu karatasi, hapa watu wengi wanapuuza na ni makosa. Tuliandika makubaliano, kurasa mbili tu: jina langu linakaa wapi kwenye gari, ukubwa wa stika kwa sentimita, rali ngapi, na gari likiharibika kabla ya kuanza inakuwaje. Jina niliomba liwe kwenye mlango wa nyuma na juu ya sanduku. Na niliwaambia wanipe risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya kodi, kwa ile 30,000, maana tangu Januari 2024 KRA, watu wa kodi, haikubali gharama ya biashara ambayo haina hiyo risiti, na udhamini kama huu nauhesabu ni matangazo. Dogo alikuwa hajasajili timu yake popote, tukapoteza wiki mbili kwa hilo, lakini sasa imemsaidia kwa wadhamini wengine pia.

Halafu laini ya simu. Nilinunua laini mpya na namba hiyo nikaiweka kwenye gari na kwenye vile vifaa tu, haiko mahali pengine popote. Simu ikilia kwa hiyo laini najua imetoka kwenye rali, sihitaji kumuuliza mtu "umenijuaje". Fanya hivyo tafadhali, bila hivyo utakaa mwaka mzima unabahatisha.

Na hiyo laini ndiyo iliniambia ukweli. Mtu akipiga humuuliza tu namba ameiona kwenye mlango au kwenye vifaa, na ile stika ya mlangoni karibu haikuleta kitu, gari linapita kwa kasi, vumbi juu, nani atasoma? Waliopiga wengi walikuwa watu waliopita kwenye hema la sevisi wakakaa kwenye yale mabenchi, au wakaona sanduku likifunguliwa. Wa kwanza alikuwa mwenye gereji mjini, akataka sanduku kama lile, akalipa nusu siku hiyohiyo. Baada yake wakaja wengine, gereji za pikipiki, fundi wa jenereta, hata shule moja ya ufundi. Mpaka sasa tumetengeneza masanduku 23. Sofa nazo zimekuja, nne, zote za familia ambazo zilikuwa zimekaa hapo kwenye hema zikila mahindi ya kuchoma zikingoja magari yarudi. Masalio ya sponji siuzi tena.

Kuna jambo moja lazima niliseme, maana fundi mwingine wa viti ataombwa vilevile. Dogo alilalamika kiti cha dereva kinamuumiza kiuno, akaniomba nikifungue nikiongeze sponji chini, kazi ya dakika ishirini kwangu. Nilikuwa nimeshashika mkasi. Nikageuza kiti nikaona nyuma kuna stika ya FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, yenye namba ya kiwango 8855-1999, na mwaka wa kutengenezwa. Nikasita, nikapigia simu mtu mmoja anayekagua magari kabla ya rali, akanieleza kwa utaratibu kabisa. Hicho kiti kimepimwa kama kilivyo, muda wake ni miaka mitano, ukikibadilisha kile kipimo hakipo tena. Na sponji ya sofa, hii tunayoipenda kwa sababu ukiikalia inakurudisha juu, ndiyo mbaya hapo: gari likigonga inabonyea, mikanda inalegea, halafu inakurusha. Juu ya hayo inashika moto haraka na moshi wake ni sumu, hilo la mwisho mimi mwenyewe nalijua, nimewahi kuona stoo ya magodoro ikiungua.

Nikamwambia dogo siwezi. Alinuna siku mbili. Mwishowe alipata kiti kingine cha saizi yake, cha mkono wa pili lakini muda wake bado, na mimi nikashona tu mfuko wa mlangoni wa kuweka maji na daftari la navigeta.

Msimu uliopita, rali ya tatu, walibingirika. Kona ya kushoto, mtaro, gari likageuka mara mbili. Nilikuwa sevisi, tunasikia tu kwamba gari halijapita kituo kinachofuata, na dakika zile sitaki hata kuzikumbuka, mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi langu ameshika leso kwa mikono miwili. Walitoka wote wawili wakitembea. Dogo na michubuko ya mikanda mabegani, navigeta kidole kimevimba. Tulikumbatiana pale mpaka nikasahau kuuliza habari za gari.

Baada ya ajali kama ile viti havirudi tena kwenye gari. Cha dereva nilikiomba, kiko hapa karakanani, nimekiweka karibu na dirisha, na vijana wa rali wakija kuniomba niwaongezee sponji nawakalisha hapo kwanza, nawaonyesha ule ufa ulioko chini ya bega la kushoto, halafu tunaongea.

Gari limeshanyooshwa, wanarudi mwezi ujao hapa hapa Nakuru. Wameomba sanduku la pili, dogo la kubebwa ndani ya gari, la spana sita na jeki tu. Nimelipaka vanishi jana, leo bado linanata.